Shajara ya mradi: ukoo wa Rallis na sheria iliyoanzia Phanar

Kuanza

Haya, naweka hapa maendeleo ya mradi kama nilivyoahidi, maana wengi mmekuwa mkiniuliza umefikia wapi. Kwa wanaokuja sasa: natengeneza vipindi 4 vya sauti kwa Kiswahili kuhusu ukoo mmoja wa Ugiriki, akina Rallis, vizazi 4 mfululizo baba mpaka kitukuu, wote watu wa sheria, na watatu kati yao wakaja kuwa mawaziri wakuu wa nchi. Wasikilizaji ninaowalenga ni wanafunzi wa sheria na mtu yeyote anayependa historia, mtu wa kusikiliza akiwa kwenye daladala au anafua.

Karibu kila anayeusimulia ukoo huu anaanza na uwaziri mkuu. Mimi sitaki kuanzia hapo. Ninachotaka kujua ni hii sheria waliipata wapi, yaani mtu wa kwanza alijifunzia wapi, kwa sababu Ugiriki kama nchi huru haikuwepo mpaka karibu 1830, sasa mtu aliyezaliwa 1804 anakuwaje jaji mkuu wa nchi ambayo haikuwepo alipozaliwa? Swali hilo ndo mradi wote, mengine yanafuata.

Mchoro wa ukoo

Nimebandika karatasi ya manila ukutani, nimechora mistari, na kwenye laptopu nina faili la eksel lenye tarehe. Rafiki yangu anayehariri sauti akanitumia meseji, "Kaka hawa akina Georgios wawili wananivuruga, weka hata Georgios mkubwa na mdogo." Nikamwambia dada, tizama herufi ya katikati, Wagiriki wenyewe wameshatatua hilo. Herufi ya katikati ni jina la baba. Kwa hiyo unapata hivi: Georgios A. Rallis, 1804 hadi 1883, baba yake Alexandros. Dimitrios G., 1844 hadi 1921. Ioannis D., 1878 hadi 1946. Georgios I., 1918 hadi 2006. Na huyu wa mwisho kapewa jina la baba wa babu yake, kama sisi tu tunavyowarudisha wazee kwenye majina ya watoto.

Kitu kimoja nimekiwekea wino mwekundu: kuna akina Ralli wengine wengi, wakiwemo wale wafanyabiashara wakubwa wenye asili ya kisiwa cha Chios waliofungua kampuni London. Hao siwagusi. Nafuata tawi la Konstantinopoli, la watu wa Phanar, basi.

Phanar

Wiki hii yote nimekaa Phanar, sijatoka. Ni mtaa wa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, ulio ukingoni mwa ghuba ya Pembe ya Dhahabu, na Patriarki wa Kanisa la Orthodoksi yuko hapo tangu karibu mwaka 1600. Alexandros Rallis, baba wa Georgios wa kwanza, alikuwa mmoja wa wakubwa wa jamii ya Wagiriki wa mtaa huo.

Sasa ili umwelewe mtu wa Phanar lazima uelewe Waturuki Waosmani walivyotawala watu wasio Waislamu. Baada ya kuuteka mji mwaka 1453 Sultani aliacha Kanisa liwepo na Patriarki akawa ndiye mkubwa wa Wakristo wa Orthodoksi mbele ya dola. Baadaye mambo ya ndoa, talaka, mahari, wosia na mirathi ya Wakristo yakawa yanasikilizwa na maaskofu. Msikilizaji wa Zanzibar au Mombasa hapa hahitaji maelezo marefu, anaijua mahakama ya kadhi na kesi zinazopelekwa huko, basi hii ilikuwa hivyo hivyo ila hakimu ni askofu.

Afu kuna jambo lilinifurahisha sana. Wagiriki wengi walikuwa wanaruka mahakama ya askofu na kwenda kwa kadhi mwenyewe! Kadhi alikuwa na nguvu ya dola nyuma yake, hukumu yake inatekelezwa, na kuna wakati mgawo wa mirathi kwa kadhi ulimfaa mtoto wa kike kuliko desturi ya kijijini kwao. Kanisa lilichukia, likatishia kuwatenga wanaokwenda. Kwa hiyo mtu wa sheria wa Kigiriki zama hizo alikuwa kwenye ushindani, ilibidi ajue sheria yake vizuri kiasi cha kumshawishi mteja asivuke barabara kwenda kwa kadhi. Hiki ni kitu ambacho sijakiona kikisemwa kwa uzito unaostahili na nimeamua kipindi cha 1 kikae hapo kwa muda mrefu.

Na walikuwa wanatumia sheria gani? Hapa ndo utamu. Walikuwa wanatumia sheria za makaizari wa Bizanti, ile dola ya Kikristo iliyotawala Konstantinopoli kabla ya Waosmani, dola ambayo imekufa. Dola imeanguka 1453, sheria yake inaendelea kufanya kazi kwenye mahakama za maaskofu miaka 300 na zaidi baadaye. Kitabu kikubwa kilikuwa kile cha Konstantinos Harmenopoulos, jaji wa Thessaloniki, aliyekikamilisha mwaka 1345. Kinaitwa Hexabiblos kwa sababu kina vitabu 6: cha kwanza kanuni za jumla na mwenendo wa kesi, cha pili mali, cha tatu mikataba na madeni, cha nne ndoa, cha tano wosia na mirathi, cha sita makosa ya jinai. Mwaka 1744 kikachapwa Venice kwa Kigiriki cha kawaida, tafsiri ya Alexios Spanos, ili hata mtu asiyejua Kigiriki cha zamani akitumie.

Nimesoma kile cha pili polepole. Kuna sehemu ya ujenzi na majirani, tanuri la mwoka mikate likae umbali gani na nyumba ya mwenzio, bomba la maji machafu, dirisha linaloangalia uani kwa jirani. Na kuna habari ya kuziba bahari: tangu Kaizari Zeno, karne ya 5, ilikatazwa Konstantinopoli kumjengea mwenzio ukuta ukamzibia mwonekano wa bahari ikiwa uko ndani ya futi 100 kutoka kwake. Hebu fikiria, mtu aliyewahi kugombana na jirani kuhusu ghorofa la mbele ya bahari, iwe Upanga au Nyali, huyu anaelewa kabisa sheria hii ya miaka 1500.

Wakuu wa Wallachia na Moldavia

Hapa nitapita haraka kwenye kipindi, ila lazima iwemo. Watu wa Phanar walikuwa wakalimani wakuu wa Baraza la Sultani, na kuanzia 1711 Moldavia na 1716 Wallachia Sultani akawa anawachagua wao kuwa watawala wa majimbo hayo mawili, Romania ya leo. Wengi walinunua vyeo, wengi waliwakamua wakulima, hilo lisifichwe. Lakini waliandika sheria. Alexandros Ypsilantis alitoa mkusanyo wa sheria Wallachia 1780, Skarlatos Kallimachis akatoa wa kwake Moldavia 1817, Ioannis Karatzas akafuata Wallachia 1818, na hizi mbili za mwisho zilitumika mpaka sheria mpya ya madai ya Romania ilipoanza 1865.

Kwa nini naiweka? Kwa sababu inaonyesha mtoto wa Phanar aliyezaliwa 1804, wakati anakua, alikuwa anawaona watu wa mtaa wake mwenyewe wakitunga sheria za nchi nzima nzima. Kwao sheria haikuwa somo la kanisani peke yake. Watu hawa hawakuwa na jeshi, hawakuwa na nchi, kitu walichokuwa nacho ni kalamu na lugha na kujua kanuni inasemaje. Hiyo ndo hoja ya mradi mzima na nimeiandika juu kabisa ya karatasi ya manila: sheria ilikuwa ndo dola yao kabla hawajapata dola.

1821

Nimerekodi sehemu hii mara mbili kwa sababu ya kwanza niliisoma haraka mno, na haifai kusomwa haraka. Mapinduzi ya Wagiriki yalipoanza mwezi wa 3 mwaka 1821, Konstantinopoli iliwaka. Siku ya Pasaka, tarehe 10 Aprili kwa kalenda yao ya zamani, Patriarki Gregory wa 5 alinyongwa kwenye lango la makao yake hapo hapo Phanar, na lango lile halijafunguliwa tena mpaka leo. Wakubwa wengi wa Phanar wakauawa, waliobaki wakatawanyika. Georgios Rallis alikuwa na miaka kama 17 hivi. Ule ulimwengu wa wakalimani na watawala wa Wallachia uliisha mwaka ule ule, Sultani hakuwaamini tena.

Walichobaki nacho ni walichokuwa nacho kichwani.

Nchi mpya, sheria ya zamani

Nimemaliza skripti ya kipindi cha 2 na nadhani ndo kipindi bora kuliko vyote.

Ugiriki ikapata uhuru, ikapewa mfalme kutoka Bavaria, Otto, kijana wa miaka 17, akafika 1833 pamoja na wasimamizi wa Kijerumani wa kumshikia madaraka. Mmoja wao alikuwa profesa wa sheria, Georg Ludwig von Maurer, na huyu bwana alifanya kazi kwa kasi ya ajabu: mpaka 1834 nchi ina sheria ya makosa ya jinai, mwenendo wa jinai, mwenendo wa madai, na mpangilio wa mahakama. Mwaka huo huo 1834 ikaanzishwa Areios Pagos, mahakama ya juu kabisa, ikapewa jina la ule mwamba wa Athens ya kale walipokuwa wanahukumiana.

Lakini sheria ya madai, yaani mambo ya ardhi, mikataba, ndoa na mirathi, Maurer hakuiwahi. Kwa hiyo likatoka tangazo la tarehe 23 Februari 1835 linalosema sheria za makaizari wa Bizanti zilizomo kwenye Hexabiblos ya Harmenopoulos zitatumika mpaka itakapotungwa sheria ya madai. Kwa muda tu. Sasa sikia, hiyo sheria ya madai ilianza kutumika tarehe 23 Februari 1946. Miaka 111 kamili, tarehe ile ile! Kile cha "kwa muda tu" kilikaa kuliko wafalme na katiba kadhaa.

Umeona sasa Georgios Rallis anaingiaje? Nchi mpya inatumia vitabu vya karne ya 14 na vya nyuma zaidi, Wajerumani wanajua sheria ya Kirumi ya Kilatini lakini mahakamani kunatakiwa watu wanaoweza kuchukua Kigiriki cha Bizanti wakakisoma na kukitumia kwenye kesi ya shamba la mizeituni kesho asubuhi. Watu hao wengi wametoka wapi? Kwenye mazingira kama ya Phanar. Elimu iliyokuwa ya jamii isiyo na dola ikawa ndo elimu ya dola. Rallis akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Athens, kilichofunguliwa 1837 na kitivo cha sheria kikiwa kimoja kati ya vitivo 4 vya mwanzo, na akapanda mpaka kuwa rais wa Areios Pagos.

Nikaongeza kwenye skripti kisa cha mji wa Nafplio, japo Rallis hayumo, kwa sababu kinaonyesha ujaji ulikuwa kazi ya hatari kiasi gani miaka ile. Mwaka 1834 jemadari mzee wa mapinduzi, Theodoros Kolokotronis, alishtakiwa kwa uhaini, kesi ikaendeshwa ndani ya jengo lililokuwa msikiti. Majaji 5. Watatu wakasaini kifo. Rais wa mahakama, Anastasios Polyzoidis, na mwenzake Georgios Tertsetis wakakataa. Waziri wa sheria, Konstantinos Schinas, mtu wa Konstantinopoli na msomi hasa, mkwe wa yule profesa mkubwa wa Berlin, Savigny, akaamuru wakae kwenye viti vyao hukumu isomwe, na askari wakawakokota majaji wale kwa nguvu mpaka kwenye viti. Polyzoidis kashikwa, anakalishwa, bado hasaini. Wawili wale wakafukuzwa na kushtakiwa, wakaachiwa, na Kolokotronis hakuuawa, alisamehewa 1835. Nilipomsomea kipande hiki Mzee wangu mmoja, jaji mstaafu anayenipitia skripti, alinyamaza kidogo afu akasema, "Mwanangu, hicho usikifupishe hata neno." Sikukifupisha.

Vitabu 6 vya Rallis na Potlis

Hapa nilitaka kuona kazi ya mkono wa Georgios A. mwenyewe na nimeipata kwenye skani, majalada yote. Kuanzia 1852 hadi 1859 yeye na Michail Potlis walichapa Athens majalada 6 ya kanuni takatifu za Kanisa la Mashariki. Ukurasa wa jina unamtaja Rallis kama rais wa Areios Pagos na Potlis kama mwalimu wa sheria za kanisa. Yaani jaji mkuu wa nchi, mwenye mafaili ya kesi mezani, anakaa na kuhariri maandiko ya mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya karne ya 4.

Ukilifungua unakutana na nini? Kanuni yenyewe kwanza, mistari michache, afu chini yake maelezo ya Zonaras, afu ya Balsamon, afu muhtasari wa Aristenos, wasomi watatu wa karne ya 12 wanabishana kwenye ukurasa mmoja. Balsamon ndo mbishi wao, anapenda kuweka na kesi alizoziona. Jalada la 1 ni mkusanyo unaounganisha sheria za Kanisa na za makaizari, la 2 kanuni za mitume na mitaguso mikuu, la 3 mitaguso ya mahali, la 4 mababa wa Kanisa, la 5 maamuzi ya mapatriarki na amri za makaizari, la 6 ule mpangilio wa kialfabeti wa mtawa Matthaios Blastares, wa 1335. Walitegemea sana nakala iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1779 kutokana na muswada wa Trebizond wa 1311. Unaona mnyororo? 1311, 1779, 1852. Kila kizazi kinanakili ili kizazi kijacho kisipoteze, na Rallis ndiye aliyeuingiza mnyororo huo kwenye mashine ya chapa.

Na haikuwa kazi ya kujifurahisha. Kanisa la Ugiriki lilijitangazia kujitegemea 1833 chini ya Maurer, Konstantinopoli ikalikubali rasmi 1850 tu, na 1852 Bunge likapitisha sheria za kuliendesha. Kanisa na serikali vilihitaji kujua kanuni zinasema nini hasa, neno kwa neno. Wanasheria wa kanuni za Orthodoksi bado wanataja kazi hii mpaka leo kwa majina mawili tu, Rallis na Potlis, na jalada na ukurasa. Mimi kwa maoni yangu huyu ndiye aliyeacha kitu kikubwa kuliko wote kwenye ukoo, na hakuwahi kuwa waziri mkuu.

Dimitrios, kwa kifupi

Kipindi cha 3 kinaanza na mtoto wake, Dimitrios, wakili, msemaji wa watu wa Athens, mbunge tangu miaka ya 1870, waziri mkuu mara 5 kati ya 1897 na 1921. Mara ya kwanza alipewa nchi katikati ya kushindwa vita na Waturuki 1897. Mwaka 1909 maofisa wa jeshi walipoasi kwenye kambi ya Goudi, Athens, yeye ndiye aliyekuwa madarakani na akajiuzulu. Kwa Dimitrios sheria imehama, imetoka kwenye vitabu imekuwa ngazi ya kupandia siasa, na hapo ndo ukoo unabadilika tabia.

Kuna kitu cha ndoa nimekipenda: mpinzani wake mkubwa bungeni alikuwa Georgios Theotokis wa Corfu, naye waziri mkuu mara kadhaa, na watoto wao wakaoana. Kwa hiyo Georgios I. aliyezaliwa 1918 babu zake wote wawili walikuwa mawaziri wakuu.

Ioannis

Hii sehemu imenichukua muda mrefu kuliko zote na nilikuwa naiandika usiku watoto wakiwa wamelala.

Ioannis alisomea sheria Athens, akaendelea Ufaransa na Ujerumani, akaingia bungeni 1906, akashika wizara mbalimbali. Malezi yote hayo, babu rais wa Areios Pagos, baba wakili na waziri mkuu. Na mwezi wa 4 mwaka 1943, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani na Waitaliano, akakubali kuwa waziri mkuu wa serikali iliyowekwa na wavamizi. Akaunda vikosi vya usalama, wanaume wa Kigiriki wenye silaha za Wajerumani wakipigana na wapiganaji wa upinzani, wakizingira mitaa ya Athens. Tarehe 17 Agosti 1944 mtaa wa Kokkinia ulizingirwa alfajiri, wanaume wakakusanywa uwanjani, watu waliovaa vificho usoni wakawa wanaonyesha kidole nani auawe, na waliouawa ni wengi. Vikosi vya Ioannis vilikuwepo hapo, vikishiriki.

Nimekataa kumwandika kama mtu aliyeponzwa na mazingira. Alikuwa mwanasheria, alijua mamlaka halali ni nini na ambayo si halali ni nini, hakuna mtu Ugiriki nzima aliyelelewa kujua hilo kuliko yeye.

Baada ya ukombozi alifungwa, na mwaka 1945 mawaziri wakuu watatu wa wakati wa uvamizi wakashtakiwa Athens chini ya sheria maalumu iliyotungwa baada ya wavamizi kuondoka. Hilo lenyewe ni swali la sheria, je unaweza kumhukumu mtu kwa sheria iliyokuja baada ya kitendo? Mzee wangu wa jaji na mimi tulibishana simu nzima, yeye anasema uhaini ulikuwa kosa tangu zamani, sheria mpya ilitengeneza tu njia ya kuwafikia, na mimi nimemwelewa. Ioannis akapata kifungo cha maisha, akafa gerezani Oktoba 1946.

Sasa weka hizi tarehe pamoja kama nilivyoziweka kwenye eksel. Februari 1946, Harmenopoulos anastaafishwa rasmi, ile sheria ya Bizanti iliyowapa akina Rallis nafasi yao inaondoka mahakamani baada ya miaka 111. Oktoba 1946, mjukuu wa rais wa Areios Pagos anafia kifungoni. Na jela la Averoff, barabara ya Alexandras, alikofungiwa, lilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwenye kiwanja kile kile limejengwa jengo la Areios Pagos linalotumika leo. Babu aliiongoza mahakama hiyo, mjukuu alikuwa mahabusu kwenye ardhi inayokalia sasa. Nimemwambia dada wa sauti hapo asiweke muziki wowote.

Georgios I.

Kipindi cha 4. Alikuwa na miaka 27 baba yake alipokufa, naye ni mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Athens, na 1947 akachapisha maandishi ya baba yake ya kujitetea. Nimekaa na hilo. Ni mtoto, na ni wakili, na mteja ameshakufa na hukumu imeshatoka. Simlaumu kwa kuchapisha, mtu ana haki ya kusikika hata kaburini, ila msikilizaji asichukue utetezi akauita ushahidi.

Yeye mwenyewe akaenda njia nyingine. Usiku wa mapinduzi ya kijeshi ya 21 Aprili 1967 alikuwa waziri wa usalama wa raia, akaponyoka asikamatwe nyumbani, akakimbilia kituo cha polisi Maroussi na kujaribu kwa redio kuwaamsha jeshi la Thessaloniki liwazuie waasi. Haikufanikiwa, wakamfunga, wakampeleka uhamishoni kisiwa cha Kasos. Huwezi kujua moyoni mwa mtu, lakini mimi nikiweka 1943 na 1967 upande kwa upande naona mtoto aliyepata mtihani ule ule wa baba, serikali isiyo halali imebisha hodi, na akajibu tofauti.

Afu 1976, akiwa waziri wa elimu, akapitisha sheria namba 309 iliyoondoa Kigiriki cha kisomi mashuleni na kuweka Kigiriki watu wanachoongea. Kwa ukoo huu hilo ni zito. Nguvu yao ya kwanza ilikuwa kusoma Kigiriki ambacho raia wa kawaida hakielewi, na kitukuu wao ndiye aliyefungua mlango, mpaka miaka ya 1980 hata sheria ya madai yenyewe ikaandikwa upya kwa lugha ya watu. Sisi tulioshuhudia Tanzania 2021 sheria ikibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama tunajua inamaanisha nini kwa mama aliyekuja kudai shamba lake. Akawa waziri mkuu Mei 1980, Ugiriki ikaingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1981, Oktoba akashindwa uchaguzi na akakabidhi bila vurugu.

Hali ilivyo sasa

Vipindi 1 na 2 vimeshahaririwa. Cha 3 nimerekodi nusu, sehemu ya Ioannis narudia kwa sauti ya chini zaidi na kasi ndogo. Cha 4 skripti iko kwa Mzee, bado hajarudisha, na nimemwomba akaze macho kwenye ile hoja ya sheria inayorudi nyuma. Mchoro wa ukoo dada anausafisha tuuweke kama picha, na majina yatamkwe Kigiriki, Rális, mkazo mwanzoni, nimeshajizoesha.

Baada ya hapo nataka kuingia kwa akina Saripolos. Nikolaos Saripolos alizaliwa Larnaca, Cyprus, 1817, akafundisha sheria ya katiba Athens, akafukuzwa kazi 1852 kwa sababu ya mafundisho yake, akarudi baada ya Otto kuondolewa 1862 na akawa kinara wa uandishi wa katiba ya 1864, afu mtoto wake mwenye jina lile lile akashika somo lile lile. Faili lao nimeshalifungua, lina mistari michache tu mpaka sasa. Mwenye kitabu chochote kuhusu Bunge la katiba la 1862 hadi 1864, hata kwa Kifaransa, anitumie ujumbe tafadhali.